Nilimsemea Mjomba Wako

Mwanangu Asha,

Sikuulizi hali, maana hali yako naijua: uko nyumba ya tatu kutoka hapa, unaagana na wenzako, na kicheko chako nakisikia kupitia dirisha hili. Mimi nimeketi kitandani, sanduku lako liko miguuni pangu limeshafungwa kamba, na zamu yangu hotelini inaanza jua likishuka. Nina saa mbili hivi. Kesho asubuhi basi la Kilosa litapiga honi, na mimi nitakuwa baba wa kukwambia "shika tiketi vizuri" na "usikae dirishani, kuna vumbi." Najijua. Ndiyo maana naandika.

Mambo ya kuchemsha maji, ya chandarua, ya kuwaamkia wazee wa kijiji kabla hawajakutupia jicho, shangazi yako ameshakwambia mpaka umechoka. Siyarudii. Barua hii ina jambo moja tu, nalo linamhusu mjomba wako Antoni, ambaye kesho utaingia nyumbani kwake na mizigo yako.

Ulipopata habari kwamba umepangiwa kufundisha katika kijiji cha ujamaa karibu na Dumila, na kwamba kijiji hakijajenga nyumba ya mwalimu, wenzako walikuonea huruma. Wewe uliruka. "Baba, si karibu na kwa mjomba?" Nikasema ndiyo, ni karibu. Naye akaleta salamu kwa dereva wa lori: "Mwambie shemeji, mtoto asihangaike. Nyumba ya mjomba ndiyo nyumba yake." Kota nzima ikafurahi. Mimi nilifurahi kwa mdomo, halafu nikaenda nyuma ya nyumba nikajifanya napasua kuni.

Unaijua ile chupa ya kioo iliyo juu ya kabati, yenye tumbo pana na shingo nyembamba, na kizibo cha kioo kama kitunguu. Tangu uanze kuona vitu umeiona tupu. Ulipokuwa mdogo uliniuliza ni ya nini, nikakwambia ni pambo. Si pambo. Wenyewe waliiita dekanta. Sisi jikoni tuliiita Bi Shingo, na kwa miaka mingi kazi yangu kubwa duniani ilikuwa kumtunza huyo bibi.

Alikuwa wa Bwana Kengele, meneja wa shamba moja la mkonge nje kidogo ya Kilosa. Jina lake la kweli tulilijua, lakini tulimwita hivyo kwa sababu ya kengele ndogo ya shaba aliyoiweka kando ya sahani yake. Akiigonga mara moja, niingie. Mara mbili, niondoe vyombo. Mimi nilikuwa boi wa mezani. Nina mke, nina mtoto, nina ndevu, na bado naitwa boi.

Mpishi alikuwa mjomba wako. Nilipofika pale alikuwa ameshakaa miaka mingi na jiko lote lilikuwa lake. Ni jikoni kwake nilikomwona dada yake, aliyekuwa akileta mchicha na bamia asubuhi, na mboga zake nilianza kuzipokea mimi hata siku ambazo si kazi yangu. Antoni akaona. Hakunipiga wala hakunicheka. Wazee wao walikuwa Wakristo, Wasagara wa kale wa pale bondeni. Mimi Mwislamu, mtoto wa manamba aliyeletwa kukata mkonge kutoka huko Unyamwezi, sina hata kaburi la babu la kuwaonyesha. Wazee walikataa. Antoni akaenda kwao, akakaa siku mbili, akanisemea. Kwao, mwanangu, watoto wa mwanamke ni wa kaka yake, kwa hiyo neno la Antoni lilikuwa zito. Alirudi akaniambia, "Shemeji, wamekubali. Ila ukimtesa dada yangu nitakupika." Hivyo ndivyo nilivyompata mama yako. Alinisemea nikasikilizwa.

Sasa nikueleze kazi ya Bi Shingo, maana bila hiyo hutaelewa kosa langu.

Bwana Kengele alikuwa na divai nzito, tamu, nyeusi kama damu ya mzee, wanayoiita poti. Inatiwa pombe kali ndani yake ili isiharibike, nayo hukaa kwenye chupa miaka na miaka. Chupa zilikuja na meli, zikaja na treni mpaka Kilosa, nikazilaza stoo chini ya tangi la maji ambako hakukuwa na joto. Divai ya namna hiyo ikilala muda mrefu hujenga mashapo, tope jeusi linaloganda ubavuni mwa chupa. Kwa hiyo siku moja kabla ya wageni unaiinua chupa, unaisimamisha, unaiacha bila kuigusa, mashapo yashuke chini. Kesho yake unawasha mshumaa, unaweka shingo ya chupa mbele ya mwanga, unamimina ndani ya dekanta polepole, mkono mmoja, bila kupumzika, maana ukisita tu unatibua. Macho yako yako shingoni. Divai inapita safi, nyekundu, unaona mwali ng'ambo. Halafu unakuja uzi mweusi, mwembamba kama moshi wa ubani. Hapo unaacha. Hata kama chupani kimebaki kikombe kizima, unaacha. Kilichobaki si cha mezani.

Nikishamaliza naifunga kwa kizibo chake, naiweka kabatini mbali na dirisha, maana jua likiigusa imekufa. Ikikaa humo wiki tatu nne, naimwaga hata kama haijaisha, kwa kuwa pua yangu ilikuwa inanieleza. Mimi sijawahi kuonja, Asha. Hata tone. Lakini nilijua kwa kunusa kama ingali na harufu ya zabibu kavu na asali ya zamani au kama imeanza kuelekea siki. Kuiosha, maji ya vuguvugu bila sabuni. Ikishika doa tumboni, naingiza punje za mchele na siki kidogo, naizungusha mpaka inatakata. Wageni walimsifu Bwana kwa kioo chake. Bwana alinionyesha kwa kidevu, akasema, "Huyu hapana kunywa. Hii ni mtu safi." Nami nikavimba kichwa.

Mjomba wako alinitania kila siku. "Shemeji, wazungu wako wanaogopa mashapo? Kwetu pombe inakorogwa kwanza ndipo mgeni anapewa. Ukimpa mgeni maji ya juu, anakwenda kukutangaza mtaa mzima." Masalia yale ya chupani niliyoyaacha alipewa yeye, kwa ruhusa ya Bwana. Mengine alitia kwenye mchuzi wa nyama, mengine alikunywa mwenyewe jikoni akimaliza kazi, kikombe kimoja, mbele ya kila mtu, akijifuta mdomo na aproni. Hakuiba. Kikombe kile nilikiona mimi mwenyewe kila mara, na kila mara nilijiona bora kuliko yeye. Nakwambia hilo nalo, maana ndiko lilikoanzia.

Miezi michache baada ya Uhuru, Bwana Kengele akatwambia kwamba Jumamosi atakuja kula mgeni kutoka serikali mpya. Mweusi mwenzetu. Ataketi mezani pamoja na mameneja wengine wa mashamba na wake zao. Antoni alianza kunoa visu siku tatu mapema. Mimi nilikuwa na wazimu wangu mwingine: nilitaka kanzu mpya. Ijumaa, siku ya kuisimamisha chupa, nilimwomba Bwana ruhusa nikaenda kwa fundi wangu Mabwerebwere, nikamkuta hajamaliza hata kola, nikakaa kibarazani kwake nikimhimiza mpaka jioni. Nilirudi na kanzu nyeupe pe, imepigwa pasi, nimeibeba mikononi kama mtoto mchanga. Chupa ilikuwa bado imelala stoo, nami sikuikumbuka.

Niliikumbuka Jumamosi, wageni wakiwa tayari barazani. Nikaiinua, nikaikimbiza pantri, nikawasha mshumaa, nikaanza kumimina. Dekanta haijafika hata nusu, uzi mweusi huo hapo shingoni.

Ningeweza kuacha. Ningeweza kwenda kwa Bwana na kusema, Bwana, leo ni nusu, nimekosea. Angenigombeza kwa Kiingereza, ingekwisha. Lakini niliiwazia dekanta nusu mezani, mbele ya mtu mweusi wa kwanza kuketi kwenye kiti kile, naye anaona kwamba boi mwenzake mweusi hajui kazi. Nikaendelea kumimina. Kwenye mwanga wa taa ya pantri ilionekana nzuri, imejaa, imekoza. Nikafunga kizibo, nikairekebisha kanzu yangu, nikaingia.

Kwa wazungu chupa ile haipelekwi na boi. Mwenye nyumba anajimiminia, anampa aliye kushoto kwake, naye anampa aliye kushoto, inazunguka meza yote bila kutua. Mgeni wa heshima hukaa mkono wa kulia wa mwenye nyumba. Sasa hesabu mwenyewe wewe mwalimu: inapotoka kushoto na kuzunguka, inamfikia nani mwisho?

Waliomtangulia walipata ya juu, iliyo afadhali. Yeye alipata tope. Alikunywa kidogo, akaiweka bilauri chini, akaiinua kwenye taa akaitazama. Vijipande vyeusi vilikuwa vinashuka taratibu ndani yake. Akasema kwa Kiswahili, kwa upole kabisa, "Wenzangu wamekunywa divai. Mimi nimewekewa machicha." Halafu akacheka kidogo, akaendelea na mazungumzo mengine, mtu muungwana. Lakini Bwana Kengele alikuwa mwekundu hadi masikioni.

Akagonga mara moja. Nikamfuata barazani.

"Nani nashika ile chupa?" akaniuliza.

Mwanangu, nimekuwa na miaka mingi ya kutafuta maneno mengine niliyoweza kusema pale. Ninayo mengi sasa. Siku ile nilikuwa na moja.

"Mpishi, Bwana."

"Yeye nakunywa yangu? Halafu najaza na takataka?"

"Ndiyo, Bwana."

Hakuuliza ushahidi. Ushahidi ulikuwa kanzu yangu. Mimi ndiye mtu safi, nisiyekunywa. Yeye ndiye mwenye kikombe. Uongo wangu ulikubalika kwa sababu ya dini yangu, na hilo ndilo linalonichoma kuliko yote nikisimama kuswali. Nyuma yangu, jikoni, nilimsikia mjomba wako akipiga mluzi, anapanga vikombe vya kahawa.

Asubuhi, umande haujakauka, Antoni akafukuzwa kazi na nyumba. Mkewe alikuwa amepanda mahindi nyuma ya kota, yametoa mbelewele, wakayaacha. Nilitoka nikawakuta wameshafunga mkeka na sufuria. Wewe ulikuwa na miaka mitatu, ulikuwa umening'inia shingoni kwake, umekataa kushuka, maana kila asubuhi alikupa ukoko wa uji wa maziwa. Akakubandua taratibu akakupa kwa mama yako. Akanivuta pembeni.

"Shemeji," akasema, "mzungu ananiambia nimekunywa divai yake. Mimi! Nikamwambia muulize shemeji yangu. Akasema ameshaongea na wewe." Akanitazama usoni. "Ulinisemea?"

Unalijua neno hilo. Kwenye shule yako utalisikia mpaka masikio yachoke: "Nitakusemea kwa mwalimu! Nitakusemea!" Na ndilo hilo hilo alilotumia yeye, akiwa na maana ya siku ile alipokwenda kwa wazee wake kwa ajili yangu. Neno moja, njia mbili. Mimi nikaona mlango.

"Nilikusemea," nikamwambia.

Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Najua. Asante, shemeji. Hukusikilizwa tu." Akachukua mkeka wake akaenda.

Sikusema uongo, niliwaza. Unaona ujinga ulivyo mtamu? Nilitembea na hilo kwa miezi, nikijiambia kwamba neno lilikuwa la kweli.

Mama yako aliniuliza mara moja tu. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa. "Kaka yangu hanywi cha wizi. Nani alimwambia mzungu?" Nikasema, "Aliamua mwenyewe." Akaendelea kuchambua. Hakuuliza tena, na mimi nikadhani kutouliza kwake ni kusadiki.

Kisha likaja Azimio, mashamba yakachukuliwa na serikali, Bwana Kengele akafunga makasha yake. Siku ya kuondoka aliniita mbele ya watumishi wote. Akanikabidhi Bi Shingo na kizibo chake. Akasema, "Hii ni kwa sababu ya uaminifu wako." Neno hilo, uaminifu, alilitamka vizuri kabisa, nadhani alifundishwa na karani. Watu wakapiga makofi. Nikaileta nyumbani nimeikumbatia, na ndipo nikaona uso wa mama yako.

Hakuitia kitu maisha yake yote. Tulipohamia huku Mikumi, nilipopata kazi ya uhudumu hotelini, nilinunua asali nzuri kwa mzee mmoja, nikamwambia tuitie humo, itapendeza.

"Hiyo ina kitu ndani," akasema.

"Iko tupu, Mariamu. Tazama."

"Wewe ndiye unayejua kilichomo."

Akaniachia asali yangu kwenye debe. Nilielewa siku hiyo kwamba anajua, na kwamba alikuwa akinisubiri. Alinisubiri mpaka akafa, Asha. Siku zake za mwisho alinitazama tu, na mimi nikawa naita manesi, nachota maji, nageuza mto, kila kazi isipokuwa ile moja. Sina udhuru wowote. Niliogopa mke wangu mgonjwa kuliko nilivyomwogopa mzungu.

Sasa vidole vya mjomba wako. Uliviona msibani, ukaniuliza, nikasema ajali. Ni ajali kweli. Alipofukuzwa hakuna mzungu aliyemchukua tena, maana mameneja walisemezana. Mpishi aliyeweza kuoka mkate ukasimama kama mto akaenda kukata miwa Ruaha, kule upande wa Kidodi, kazi ambayo mikono yake haikuijua. Panga liliteleza likachukua viwili vya mkono wa kushoto. Alipopona ndipo akaenda njia panda ya Dumila, akajenga banda, akaanza kuwapikia wasafiri wali na maharage kwa vidole vinane. Wanasema wali wake madereva wanaukumbuka wakiwa Dodoma.

Na ule msiba wenyewe. Unakumbuka alivyoingia, amevaa koti zito kwenye jua lile. Alitupa udongo wake, akaja akanikumbatia mbele ya wanaume wote waliokaa kwenye mkeka. Akasema kwa sauti, "Huyu shemeji yangu mnamwona? Alinisemea kwa mzungu mpaka nusura na yeye afukuzwe. Dada yangu aliolewa na mtu." Wazee wakasema, Mungu amlipe. Mmoja akanishika bega. Nikainamisha kichwa, na watu wakadhani ni unyenyekevu.

Sikuwahi kumwambia nusura nifukuzwe. Hilo ameliongeza mwenyewe. Miaka yote hii, kule Dumila, kila akisimulia amekuwa akinijengea wema, tofali juu ya tofali, kwa mikono ile ile. Ndio wema anaokupokelea kesho. Nyumba unayoingia ina ukuta mmoja wa uongo, na niliyeuweka ni mimi.

Ningeweza kukuacha uende hivi hivi. Nimeliwaza sana hilo. Ungelala vizuri, ungekula wali wake, ungefundisha watoto wako, naye angekuita mama na kukutuma chumvi. Kuna siku nilijiambia, kwa nini nimvunjie mzee amani yake? Nikajisikia mtu mwema sana kwa kuwaza hivyo. Halafu juzi hotelini mgeni mmoja akaagiza poti, chupa ya zamani iliyosahaulika stoo. Nikawasha mshumaa. Wahudumu wenzangu wakasimama kunitazama, wakisema, mzee anafanya uganga. Nikamimina, na ule uzi mweusi ulipofika shingoni mkono wangu ukaacha wenyewe. Wakapiga makofi. Nikaenda nyuma nikaketi kwenye kreti ya soda, kwa sababu niliona kwamba hiyo ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote, mezani na nyumbani. Nyinyi wote mmepewa ya juu. Mama yako peke yake ndiye aliyeona chupa nzima.

Antoni alisema kwao pombe hukorogwa kwanza. Nimechelewa kukoroga.

Nilitaka kukupa dekanta umpelekee. Nimeitoa kabatini, nikaifunga kwenye khanga ya mama yako, nikaifungua tena. Zawadi ingemfunga mdomo kabla hajaufungua. Itabaki hapa. Akitaka kuivunja, aje aivunje, na nauli nitampa.

Nitakachokutuma ni kigumu kuliko chupa, na nakuomba radhi. Mjomba wako hajui kusoma. Anahudhuria ngumbaro jioni na amefika kwenye herufi kubwa, aliniambia kwa majivuno. Kwa hiyo barua hii, ingawa nimeiandika jina lako, ni yake pia, na hawezi kuifikia bila mdomo wako. Ningepaswa kwenda mwenyewe. Ningesimama mbele ya banda lake, ningeona vile vidole vikikoroga sufuria, nami ningesema "shemeji, habari za hapa," ningekula, ningerudi. Nimeshafanya hivyo mara mbili. Mara mbili, Asha, nimepanda basi mpaka Dumila na wali nikala. Ukishamsomea, nitakuja mara ya tatu, akinitaka.

Usimsomee siku ya kwanza, utakuwa umechoka. Msomee siku ambayo hana wateja. Asipokuelewa mahali, rudia. Ukifika kwenye ile asubuhi ya mkeka na sufuria sauti yako itataka kukimbia, usiikimbize. Akinyamaza, nyamaza naye. Akisema uondoke nyumbani kwake, toka bila kujibu, umwamkie kesho yake kama kawaida, na mwenyekiti wa kijiji atakutafutia pa kulala; nimeshaongea naye bila kumwambia sababu. Na kama hatakutazama tena kama mtoto wa dada yake, hilo nimekuibia mimi, si yeye. Nichukie mimi. Nitavumilia, nina mazoezi.

Nimekusikia unaaga. Unakuja. Nitaikunja hii niitie kwenye sanduku chini ya daftari zako, na kesho nitakwambia ushike tiketi vizuri.

Jambo la mwisho. Huruma itakujia, nakujua, wewe ni mtoto wa Mariamu. Ukifika mwisho utataka kuongeza lako: kwamba baba amezeeka, kwamba analia, kwamba alikuwa mtumishi tu na wakati ule ulikuwa mbaya. Usiongeze. Sikutumi ukanitetee. Nisemee, mwanangu, kama watoto wanavyosemeana kwa mwalimu.

Ni mimi baba yako,
Salehe